Hati, Deni na Nyanda za Juu: Ukoo wa Bruce wa Broomhall

Koo kubwa za Ulaya hupenda kusimuliwa kwa nasaba: fulani alimzaa fulani, aliyepigana vita fulani, akazikwa kanisa fulani. Hadi msimulizi amalize, msikilizaji ameshaamini kwamba ardhi ilifuata damu yenyewe. Mimi kazi yangu ni kusoma historia ya umiliki wa ardhi, na nasaba peke yake hainitoshi. Ukoo wa Bruce wenye makao yake Broomhall, katika jimbo la Fife mashariki mwa Uskoti, ni mfano wa hoja ninayoishikilia: familia ya kimwinyi hudumu kwa karatasi inayotambuliwa na dola, na madeni yake hulipwa kwa utumishi katika dola hiyohiyo. Damu huja baadaye, kama pambo. Kwetu Afrika Mashariki hoja hii si ya mbali. Mmoja wa wakuu wa ukoo huu, Lord Elgin wa tisa, ndiye aliyeidhinisha mwaka 1908 barua iliyowafungia Wahindi mlango wa kugawiwa ardhi katika nyanda za juu za Kenya, na hivyo akaupa nguvu mpaka wa eneo lililokuja kujulikana kama Nyanda za Juu za Wazungu.

Tuanze na jina lenyewe, maana ndipo upotofu wa kwanza ulipo. Ukimtajia mtu jina la Bruce atamkumbuka Mfalme Robert Bruce, aliyetawazwa 1306, akawashinda Waingereza Bannockburn 1314, akafariki 1329. Moyo wake ulitolewa kifuani na kukabidhiwa Sir James Douglas aupeleke Nchi Takatifu. Douglas akauawa njiani, vitani kusini mwa Hispania mwaka 1330, na moyo ukarudishwa kuzikwa Melrose. Kisa kitamu. Lakini uzao halali wa kiume wa mfalme huyo ulikoma mwaka 1371 alipofariki mwanawe David wa Pili bila mtoto, na taji likaenda kwa ukoo wa Stewart kupitia kwa Marjorie, binti wa Robert. Wabruce wa Broomhall wanatokana na tawi la Clackmannan. Ushahidi wao mkuu wa undugu na mfalme ni hati ya mwaka 1359, ambamo David wa Pili alimgawia Robert Bruce ardhi ya Clackmannan na kumtaja kuwa jamaa yake mpendwa. Undugu huo ulipitia kwa nani, hati haisemi. Kwa hiyo hata fahari kuu ya ukoo, ule udugu na mfalme, imeegemea karatasi ya ugawaji wa ardhi. Robert Bruce asingepewa shamba, leo tusingekuwa na habari kwamba alikuwa jamaa ya mfalme.

Karatasi, makaa na chumvi

Kupanda kwa ukoo kulianza hasa mwishoni mwa karne ya 16, kwa ndugu wawili wasiokuwa mashujaa wa vita. Mkubwa, Edward, alikuwa mwanasheria. Aliipata mali ya abasia ya Kinloss katika zama ambazo, baada ya Matengenezo ya Kanisa, ardhi za watawa zilikuwa zikihamia mikononi mwa walei wenye ukaribu na mfalme. Kisha akawa mmoja wa wajumbe wa Mfalme James wa Sita katika mazungumzo ya siri na Robert Cecil, waziri wa Malkia Elizabeth. James aliporithi kiti cha Uingereza mwaka 1603, Edward alimfuata London na kupewa wadhifa wa jaji mwenye dhamana ya madaftari ya mahakama kuu. Mtu aliyepanda kwa hati akakabidhiwa hati za watu wengine azitunze.

Mdogo wake, Sir George Bruce wa Carnock, alibaki Culross, kando ya hori la Forth. Yeye alichimba. Makaa ya mawe ya Culross yalipenya chini ya bahari, na miaka ya 1590 George akafanya jambo ambalo wageni walikuja kulitazama kwa mshangao: alijenga ukuta wa mawe wa mviringo pale ambapo bahari hupwa na kujaa, akachimba shimo ndani ya ukuta huo hadi kwenye mwamba wa makaa, na kuliunganisha kwa njia za chini na shimo la nchi kavu. Maji yalitolewa kwa mnyororo wa ndoo 36 uliozungushwa na farasi watatu. Meli ziliweza kutia nanga ubavuni mwa ukuta na kupakia makaa hapohapo. Husimuliwa kwamba Mfalme James alipozuru mwaka 1617 alishukia bara, akaibukia kwenye shimo la baharini maji yakiwa yamejaa pande zote, akapiga kelele kwamba amesalitiwa, mpaka mwenyeji wake alipomwonyesha mashua ya kumrudisha pwani. Makaa hafifu yasiyouzika yalichemshia maji ya bahari kwenye masufuria makubwa ya kupikia chumvi. Dhoruba ya 1625 ilibomoa shimo la baharini, na George akafariki mwaka huohuo, lakini faida ilikuwa imeshageuka nyumba na mashamba. Uzao wake ndio uliopata cheo cha Kincardine mwaka 1647.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuuliza ni nani aliyeshika sululu. Mwaka 1606 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria iliyokataza mtu yeyote kumwajiri mchimba makaa au mpika chumvi asiyekuwa na cheti cha bwana wake wa awali. Aliyeondoka bila cheti alihesabiwa mwizi, kwamba amejiiba mwenyewe kutoka kwa bwana wake. Utumwa huo wa kisheria, katika nchi inayosifiwa kwa kupenda uhuru, ulianza kulegezwa mwaka 1775 na kufutwa kabisa 1799. Msomaji wa Kenya atakuwa ameshakumbuka kipande, cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni kuanzia 1919 na 1920, na ambacho bila saini ya mwajiri wa mwanzo hakikumruhusu mtu kuajiriwa kwingine. Sisemi kwamba la Uskoti ndilo lililozaa la Kenya. Ninachosema ni kwamba akili ni ileile: karatasi moja inamthibitisha bwana kuwa mwenye ardhi, karatasi nyingine inamthibitisha mtumishi kuwa mali ya ardhi hiyo. Anayesifu uhandisi wa George Bruce bila kutaja sheria ya 1606 amesoma nusu ya daftari.

Sheria zilizomlinda bwana zilikuwa tatu, na zilifanya kazi pamoja. Ya kwanza ni mirathi ya mwana wa kwanza wa kiume: ardhi yote ilikwenda kwa mmoja, haikugawanywa. Desturi hiyo iliendelea kuwa sheria ya Uskoti kwa wasioacha wosia hadi mwaka 1964. Ya pili ni daftari la umma la mwaka 1617, ambamo kila uhamisho wa ardhi uliandikwa na yeyote aliweza kulikagua. Mwenye maandishi alikuwa na nguvu, na mwenye mazoea ya kulisha ng'ombe mahali fulani tangu enzi za babu hakuwa na kitu. Ya tatu ni sheria ya 1685 iliyomruhusu mwenye shamba kulifunga kwa vizazi vyote vijavyo, ili mrithi asiweze kuliuza na wadai wasiweze kulichukua. Msomaji wa Pwani ataona mfanano na wakfu wa familia, ila kuna tofauti kubwa: wakfu huweza kuwanufaisha watoto wote, wa kike na wa kiume, ilhali kifungo cha Uskoti kilifuata mstari wa mtu mmoja. Sheria hiyo ilipunguzwa makali hatua kwa hatua, na vifungo vipya vikapigwa marufuku mwaka 1914. Kufikia hapo vilikuwa vimeshafanya kazi yake kwa karne mbili na zaidi.

Vyeo navyo vilikuwa na karatasi zake, zenye njia yake tofauti na ya ardhi. Mwaka 1747 mkuu wa tawi la Uingereza lililokuwa na cheo cha Elgin alifariki bila mrithi wa kiume. Mashamba yake makubwa ya kusini yalikwenda kwa mpwa wake. Cheo cha Elgin, kwa masharti ya hati yake, kikavuka mpaka hadi kwa binamu wa mbali wa Fife, Charles Bruce wa Kincardine. Akapata jina kubwa bila hata eka moja ya nyongeza. Charles alijaza pengo hilo kwa chokaa: akaanzisha Charlestown, kijiji cha matanuri na bandari kando ya hori, chenye mitaa iliyopangwa kwa umbo la herufi C na E, za jina lake na cheo chake. Matanuri yalifikia 14 katika safu moja. Alipofariki mwaka 1771, mwanawe mkubwa alimfuata baada ya muda mfupi angali mtoto, na cheo kikamwangukia Thomas, mvulana wa miaka mitano, pamoja na makaa, chokaa na gharama zote za kuitwa Lord.

Deni linalosafiri

Upotofu wa pili ni kudhani kwamba mwinyi ni tajiri. Mwenye ardhi nyingi ambayo hawezi au hataki kuiuza ana heshima nyingi na fedha taslimu kidogo. Kutokana na kodi za wapangaji hulipa posho ya mama mjane, fungu la wadogo zake wasiorithi, mahari ya dada zake, riba ya mikopo ya baba yake, na ujenzi wa nyumba inayolingana na cheo. Ukaguzi wa daftari hilo ndio unaoeleza kwa nini Wabruce watatu waliofuatana walionekana kila mara wakipanda meli. Walikwenda kutafuta mshahara, na dola iliyokuwa ikipanuka ilikuwa na mishahara ya kutoa.

Thomas, Lord Elgin wa saba, alikwenda kuwa balozi katika himaya ya Waturuki mwaka 1799, mwaka aliomuoa Mary Nisbet, binti pekee wa familia tajiri. Alikuwa ameijenga upya Broomhall, na msanifu wake, Thomas Harrison, ndiye aliyempa wazo la kuleta nakala za plasta za sanaa ya Kigiriki. Nakala zikageuka vitu vyenyewe. Kwa kutumia ruhusa aliyoipata Istanbul mwaka 1801, watu wake wakiongozwa na mchoraji Giovanni Battista Lusieri walianza kung'oa sanamu za hekalu la Parthenon huko Athens, nyingine kwa kukatwa kwa misumeno ili zipungue uzito. Mwaka 1802 meli yake Mentor ilizama karibu na kisiwa cha Kythera ikiwa na makasha ya sanamu, na wapiga mbizi wa sifongo kutoka visiwa vya Ugiriki wakatumia miaka miwili kuyaopoa, kwa fedha ya Elgin. Alipokuwa akirudi nyumbani 1803 vita vya Uingereza na Ufaransa vilizuka upya, Napoleon akamshikilia Ufaransa hadi 1806. Ndoa ikavunjika, na utajiri wa Mary ukaondoka na Mary.

Mwaka 1816 akaziuza sanamu kwa serikali. Alidai zilimgharimu zaidi ya pauni 74,000. Bunge likampa 35,000, kwa kura 82 dhidi ya 30. Zilizoko Makumbusho ya Uingereza hadi leo ni pamoja na mita zipatazo 75 za ukanda uliokuwa na mita 160, vibao 15 vya kuchongwa, na sanamu 17 za sehemu ya juu ya hekalu. Elgin mwenyewe alimalizia maisha yake Ufaransa, mbali na wadai wake, akafariki Paris mwaka 1841.

Kuna makosa matatu hapa ambayo nayakuta hata kwa watu wasomi. Wengine hudhani ukoo bado unazo sanamu hizo. Hauna, tangu 1816 ni mali ya umma wa Uingereza, na Sheria ya Makumbusho ya 1963 ndiyo inayozuia wadhamini kuzitoa. Wengine husema zilichukuliwa kwa hati safi. Hati ya asili ya Kituruki haijapatikana. Tulicho nacho ni tafsiri ya Kiitaliano, ambayo maneno yake yanajadilika: je, kuruhusiwa kuchukua vipande vya mawe ni kuruhusiwa kubomoa jengo? Tena mtoa ruhusa alikuwa mtawala wa kigeni juu ya Wagiriki. Wengine humwona Elgin mwizi aliyetajirika. Hakutajirika, alifilisika. Kwangu hilo halimtakasi. Linaonyesha tu jinsi mfumo ulivyofanya kazi: hasara ya mtu binafsi ikalipiwa na hazina ya dola, na dola ikajipatia kitu ambacho isingethubutu kukichukua kwa jina lake.

Deni halikuzikwa Paris. James, Lord wa nane, alilirithi mwaka 1841, na mwaka uliofuata alikuwa gavana wa Jamaica, kisiwa kilichokuwa kimetoka juzi tu kwenye utumwa. Kutoka 1847 alitawala Kanada, ambako alitia saini mwaka 1849 sheria ya fidia iliyopitishwa na wabunge waliochaguliwa, ingawa haikumpendeza yeye mwenyewe wala wafuasi wa Uingereza. Umati ukamtupia mawe na mayai Montreal, jengo la Bunge likachomwa moto, na yeye hakutuma askari kulipiza. Wakanada wanamkumbuka kama mmoja wa waasisi wa serikali inayowajibika kwa wananchi. Mtu huyohuyo, mnamo Oktoba 1860, aliamuru Kasri ya Kiangazi ya wafalme wa China karibu na Beijing iteketezwe, kulipiza kisasi cha mateka walioteswa na kuuawa. Moto uliwaka siku kadhaa. Wanaotafuta jibu ndani ya tabia yake wanapoteza muda. Montreal kulikuwa na bunge, magazeti na wapiga kura ambao wangemhoji. Beijing hakukuwa na yeyote mwenye uwezo huo. Uungwana wa mtawala hupimwa na nguvu ya wanaotawaliwa kumwajibisha. James alifariki mwaka 1863 huko Dharamsala akiwa mtawala mkuu wa India.

Barua ya 1908

Tumefika kwa Victor Alexander, Lord wa tisa, aliyezaliwa karibu na Montreal mwaka uleule wa mawe na mayai. Alikuwa mtu mkimya, asiyependa makeke, na kwa sababu hiyo wanahistoria wa jumla humpita haraka. Kwetu sisi ndiye mkubwa kuliko wote. Alitawala India kutoka 1894 hadi mwanzoni mwa 1899, kipindi cha njaa na tauni. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa, mwaka 1896, na sheria ya uhamaji ya India ikarekebishwa ili vibarua waruhusiwe kwenda. Zaidi ya 30,000 walivuka bahari kujenga reli hiyo iliyofika Kisumu 1901, na takriban 2,500 walifia kazini. Mnamo Desemba 1905 Elgin akawa Waziri wa Makoloni, na kijana Winston Churchill naibu wake. Sasa ardhi iliyokuwa kandokando ya reli ilikuwa juu ya meza yake.

Walowezi wa Kizungu walitaka sheria ya wazi ya kuwazuia Wahindi wasimiliki ardhi katika nyanda za juu. Elgin hakuitoa. Mwaka 1906 alieleza kwamba si sera ya serikali kumbagua raia yeyote wa mfalme, ila busara itumike katika kushughulikia maombi ya Wahindi, kwa vile eneo linalowafaa Wazungu ni dogo. Machi 1908, chini ya mwezi mmoja kabla ya kuondolewa serikalini, akaidhinisha msimamo uliokuja kuitwa Ahadi ya Elgin: hakutakuwa na zuio la kisheria, lakini kwa urahisi wa utawala ardhi ya nyanda za juu isigawiwe Wahindi.

Isome sentensi hiyo kwa macho ya karani wa ofisi ya ardhi Nairobi. Mhindi akija na ombi, hakuna sheria ya kumwonyesha, kwa hiyo hana sheria ya kuipinga mahakamani. Jalada linawekwa chini ya majalada mengine. Anaambiwa arudi. Hakuna aliyemnyima, ila hajapata. Kubagua kwa sheria kungehitaji mjadala wa Bunge London na kungeamsha ghadhabu India. Kubagua kwa mazoea ya ofisi hakukuhitaji zaidi ya barua. Ukoo ambao kwa miaka 550 ulilindwa na maandishi yaliyosajiliwa ulipofika kwenye ardhi ya watu wengine uliona manufaa ya kutoandika sheria.

Barua hiyo ilidumu. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999 na kumpa gavana nguvu ya kuzuia uuzaji wa ardhi kati ya watu wa rangi tofauti. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1909, na viongozi wengine wa Wahindi walipinga kwa miaka mingi. Tamko la serikali la 1923 likathibitisha kwamba nyanda za juu zitabaki za Wazungu. Amri rasmi ya kuweka mpaka, wa maili za mraba zipatazo 16,700, ilikuja 1939. Zaidi ya miaka 30 ubaguzi wa ardhi ulisimama hasa juu ya busara ya ofisi.

Na hapa ndipo ulipo upotofu wa mwisho, ulio mkubwa kuliko yote. Vitabu vingi husimulia Ahadi ya Elgin kama ugomvi wa Wazungu na Wahindi. Mkikuyu, Mmaasai na Mnandi hawakuwemo kwenye mabishano hayo hata kama wadai. Mahakama ilipokuja kutamka mwaka 1921 kwamba Waafrika ni wapangaji tu kwenye ardhi ya Taji, wanaokaa kwa hiari ya Taji lenyewe, ilikamilisha hesabu iliyoanza zamani: asiye na karatasi hayupo. Wachimba makaa wa Fife wangelielewa jambo hilo upesi.

Nini kifanyike

Kuna watakaoniambia kwamba Elgin alishauriwa na maofisa wake, na kwamba alikuwa mtu mwema kuliko wengi wa zama zake. Huenda. Lakini safu hii haimtafuti mwovu. Mfumo ambao watu wema wanautumia na matokeo yakawa mabaya ndio unaopaswa kurekebishwa, kwa sababu hautaondoka na mtu.

Uskoti yenyewe imeanza. Umwinyi wa kisheria ulifutwa rasmi mnamo Novemba 2004. Sheria ya 2003 imezipa jamii za vijijini haki ya kutangulizwa kununua ardhi inapouzwa, na tangu Aprili 2022 kuna daftari la umma linalotaja ni nani hasa anayeamua juu ya ardhi iliyofichwa nyuma ya kampuni na amana. Hata hivyo, uchunguzi uliowasilishwa kwa kamati ya Bunge mwaka 2013 ulikadiria kwamba wamiliki 432 wanashika nusu ya ardhi binafsi ya mashambani. Kinachobaki ni kugusa mirathi: hadi leo mtoto wa Kiskoti ana haki ya lazima katika mali inayohamishika ya mzazi wake, lakini si katika ardhi. Mlango huo ukiachwa wazi, marekebisho mengine yatachukua karne.

Kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010 iliikata mikataba ya miaka 999 ya wasio raia kuwa isiyozidi miaka 99. Hatua nzuri, ila imeshughulikia hati za 1915 na kuyaacha mazoea ya 1908. Ugonjwa wa ofisi za ardhi kote Afrika Mashariki bado ni ule wa jalada lililowekwa chini ya mengine. Dawa ninayoipendekeza haina uchawi. Kila ombi la ugawaji wa ardhi ya umma lipewe namba na tarehe inayoonekana na yeyote. Kila kukataliwa kuwe na sababu ya maandishi yenye jina la ofisa. Na waraka wowote wa ndani unaomwelekeza ofisa jinsi ya kutumia busara yake uchapishwe kwenye gazeti la serikali, vinginevyo usiwe na nguvu. Sheria mbaya iliyochapishwa inaweza kupingwa mahakamani. Maelekezo ya simu hayawezi.

Kuhusu mawe ya Athens, ufumbuzi uko kwa wabunge wa London, maana wao ndio walionunua na wao ndio waliofunga mlango mwaka 1963. Kuushambulia ukoo wa Bruce ni kupiga hodi nyumba isiyo na mtu. Na kwa walimu wetu wa historia nina ombi moja. Mkifundisha Nyanda za Juu za Wazungu, msianze na mlowezi Lord Delamere na farasi wake. Anzeni na mtawala wa India aliyeshuhudia vibarua wakipanda meli kuja kujenga reli, kisha miaka michache baadaye akiwa London akaamua kwamba Wahindi wasipewe ardhi iliyopitiwa na reli hiyo. Halafu wapeni wanafunzi barua ya 1908 waisome na kutafuta ni neno gani humo linalomtaja Mwafrika aliyekuwa akiilima ardhi hiyo.